Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Elektroni Hupataje Nishati katika Plazma ya Kapasita ya Masafa ya Chini?

Majibu haya yamekusudiwa msomaji anayefahamu misingi ya umeme na ya nadharia ya gesi, lakini ambaye huenda hajawahi kushughulika na plazma. Ili hesabu zisielee hewani, mfano mmoja utatumika karibu kila mahali: gesi ya agoni yenye shinikizo la paskali chache, elektrodi mbili sambamba zilizo umbali wa sentimita 3, takriban elektroni 10¹⁶ katika kila mita moja ya ujazo, halijoto ya elektroni ya elektronivolti 3, na volteji geu inayofikia kilele cha volti 300. Tarakimu zote zinazotokana na mfano huu ni makadirio ya kuonyesha ukubwa wa mambo, si vipimo vya mtambo fulani.

Plazma ya kapasita ni nini?

Ni gesi iliyoionishwa kwa sehemu ndogo tu, ikiwa katikati ya elektrodi mbili zilizounganishwa na chanzo cha umeme wa mkondo geu. Inaitwa ya kapasita kwa sababu elektrodi hizo mbili, pamoja na maeneo membamba yaliyo karibu nazo, hufanya kazi kama kapasita ambayo nafasi yake ya ndani imejaa gesi. Mitambo mingi hutumia megahezi 13.56, masafa ambayo Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu (ITU) liliyatenga kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba ili yasivuruge mawasiliano ya redio. Uteuzi huo ulifanywa kwa sababu za kisheria, si za kifizikia, na ni vizuri kulikumbuka hilo, maana vitabu vingi huyachukulia masafa hayo kana kwamba ndiyo hali ya asili ya plazma hizi.

Kazi kubwa ya plazma hizi ni kuchonga na kupaka tabaka nyembamba juu ya mabamba ya silikoni yanayotengenezewa chipu za kompyuta. Elektroni ndizo huvunja molekuli na kuionisha gesi, nazo ioni ndizo huligonga bamba. Kwa hiyo swali la namna elektroni zinavyopata nishati ndilo swali la namna plazma yenyewe inavyoendelea kuwepo.

Ala inayotajwa sana katika somo hili ni kitu gani?

Elektroni ni nyepesi kuliko ioni ya agoni kwa takriban mara 73,000, hivyo hukimbia kuelekea kuta haraka kuliko ioni. Plazma haiwezi kuvumilia upotevu huo bila mizani, na matokeo yake ni kwamba karibu na kila uso hujitokeza eneo jembamba lenye upungufu wa elektroni, ambamo uga mkali wa umeme huzirudisha elektroni ndani na kuzivuta ioni nje. Eneo hilo ndilo ala. Katika mfano wetu umbali wa Debye, yaani kipimo cha jinsi plazma inavyoweza kuficha chaji iliyozidi, ni takriban milimita 0.13, lakini volteji ya mamia ya volti huinenepesha ala hadi karibu milimita 3.

Karibu volteji yote inayotolewa na chanzo huishia ndani ya ala mbili, moja kwa kila elektrodi. Sehemu ya katikati, ingawa ndiyo kubwa na ndiyo inayong'aa, hubakiwa na uga dhaifu sana. Asiyelitambua hili mapema hupoteza muda mwingi akizitafutia elektroni nishati mahali ambapo haipo.

Masafa ya chini ni yapi hasa? Je, kuna namba maalumu ya mpaka?

Hakuna namba moja, na jibu la aina ya «chini ya megahezi 2» halitoshi. Kinachoamua ni uwezo wa ioni kuufuata uga wa umeme unaobadilika ndani ya ala. Ioni ikivuka ala kwa muda mfupi kuliko mzunguko mmoja wa volteji, hukutana na uga ulio kama umesimama, na masafa hayo ni ya chini kwake. Ikihitaji mizunguko mingi kuivuka, huhisi wastani wa uga tu, na masafa hayo ni ya juu.

Chukua mfano wetu. Wastani wa volteji ndani ya ala ukiwa karibu volti 150 na unene ukiwa milimita 3, ioni ya agoni isiyogongana na atomu njiani huivuka ala kwa takriban mikrosekunde 0.33. Mzunguko mmoja wa megahezi 13.56 huchukua nanosekunde 74, kwa hiyo ioni hupitiwa na mizunguko minne hadi mitano kabla ya kuufikia uso. Mzunguko wa kilohezi 400 huchukua mikrosekunde 2.5, na ioni huvuka katika sehemu ndogo tu ya muda huo, karibu moja ya nane. Hizo ni dunia mbili tofauti, ingawa mtambo ni uleule na kilichobadilishwa ni chanzo cha umeme.

Kigezo kingine kinachotumika ni masafa asilia ya ioni katika plazma, ambayo kwa msongamano wetu ni kama megahezi 3.3. Msongamano ukipungua mara kumi hushuka hadi megahezi 1 hivi. Ndiyo maana megahezi 2 zinaweza kuwa masafa ya chini katika plazma yenye msongamano mkubwa na zikawa masafa ya kati katika plazma yenye msongamano mdogo. Heliamu nayo, kwa kuwa ioni zake ni nyepesi mara kumi kuliko za agoni, huusogeza mpaka huo juu. Elektroni kwa upande wake hazihusiki na mgawanyo huu: masafa yake asilia katika mfano wetu yanakaribia megahezi 900, kwa hiyo huufuata uga bila shida katika hali zote mbili.

Kabla ya kushuka, elektroni hupataje nishati kwenye megahezi 13.56?

Kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya ukinzani: mkondo wa umeme hupita katikati ya plazma, elektroni husukumwa na uga, hugongana na atomu, mwelekeo wake huvurugika, na mwendo uliokuwa na mpangilio hugeuka kuwa mwendo wa ovyo, yaani joto. Njia hii hutawala shinikizo linapokuwa kubwa.

Ya pili haihitaji migongano. Mpaka kati ya ala na plazma husogea mbele na nyuma katika kila mzunguko, na elektroni inayoujia mpaka unaosogea upande wake hurudishwa ikiwa na kasi zaidi, kama mpira uliopigwa kwa raketi inayosonga mbele. Ikikutana na mpaka unaorudi nyuma hupoteza kasi. Kwa kuwa mikutano ya aina ya kwanza ni mingi kidogo kuliko ya pili, na kwa kuwa elektroni husahau awamu ya mzunguko kati ya mkutano mmoja na mwingine, hesabu ya mwisho huwa ya faida. Wazo la chembe kuongezewa kasi na kuta zinazosogea lilitolewa na Enrico Fermi mwaka 1949 alipokuwa akieleza asili ya miale ya anga, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Valery Godyak akalitumia kwa mpaka wa plazma. Mwaka 1988 Michael Lieberman alichapisha suluhisho la kihisabati la ala ya aina hii ambalo bado ni mahali pa kuanzia kwa wanafunzi wengi.

Hali ambamo njia hizi mbili ndizo zinazoidumisha plazma huitwa hali ya alfa.

Masafa yakishuka, ni nini kinachopotea?

Karibu vyote viwili, na kwa kasi ya kushangaza. Tuanze na mpaka wa ala. Ukiwa na kina cha mtikisiko cha milimita 1.5, kasi yake ya kilele kwenye megahezi 13.56 ni takriban kilomita 130 kwa sekunde, ambayo ni karibu moja ya tisa ya kasi ya wastani ya elektroni zetu (kama kilomita 1,160 kwa sekunde). Kwenye kilohezi 400 mpaka huohuo husogea kwa kilomita 4 tu kwa sekunde. Nishati inayopatikana kwa njia hii huendana na mraba wa kasi ya mpaka, na kwa kuwa masafa yamepungua mara 34, mchango huo hupungua zaidi ya mara elfu moja. Kusema kweli, kwenye masafa ya chini mpaka hausogei kwa umbo safi la mawimbi ya sini, na huenda kasi zaidi pale volteji inapovuka sifuri. Hata hivyo, marekebisho hayo hayabadilishi hukumu.

Ukinzani nao huporomoka kwa sababu inayohusu aina ya mkondo. Kwenye masafa ya juu ala hupitisha mkondo kwa njia ya kapasita, yaani kwa mabadiliko ya uga wenyewe bila chembe kuivuka ala, na mkondo huo huendana na masafa. Katika mfano wetu ni kama ampea 75 kwa kila mita ya mraba kwenye megahezi 13.56, lakini ni ampea 2.2 tu kwenye kilohezi 400. Linganisha sasa na mkondo wa ioni zinazoelekea kwenye elektrodi, ambao hautegemei masafa moja kwa moja: nao ni karibu ampea 2 kwa kila mita ya mraba. Kwa maneno mengine, kwenye kilohezi 400 mikondo hiyo miwili inalingana, na ukishuka zaidi ala huacha kuwa kapasita na kuwa kitu kinachofanana zaidi na kikinzani ambacho ioni ndizo wasafiri wake. Joto la ukinzani katikati ya plazma huendana na mraba wa mkondo, hivyo nalo hugawanywa kwa zaidi ya elfu moja.

Hapa ndipo penye kiini cha somo zima: kwenye masafa ya chini, chanzo cha umeme kinaweza kuwa kinatoa nguvu nyingi, lakini nguvu hiyo huzikuta ioni na kuzipita elektroni.

Basi ni nini kinachoidumisha plazma?

Elektroni za upili. Ioni inapougonga uso wa elektrodi, mara chache hutoa elektroni kutoka ndani ya metali. Kwa agoni na metali safi, ioni zenye nishati ya hadi mamia ya elektronivolti hutoa takriban elektroni 7 hadi 10 kwa kila ioni 100. Elektroni hiyo huzaliwa ndani ya ala, mahali ambapo uga ni mkali kabisa, na husukumwa kuelekea katikati ikiwa imebeba nishati ya volteji yote iliyopo kwenye ala kwa wakati huo. Inapoingia kwenye plazma na elektronivolti 300, ina uwezo wa kuionisha atomu nyingi, kwa kuwa kila ioni moja ya agoni hugharimu elektronivolti 26 hivi, ukijumlisha na nishati inayopotelea katika kuzichangamsha atomu bila kuziionisha.

Hali hii huitwa hali ya gama. Mpito kutoka alfa kwenda gama ulielezwa na S. M. Levitskii mwaka 1957, naye alikuwa akiongeza volteji. Kwenye masafa ya chini huhitaji kuongeza kitu: hali ya alfa imekwisha kufa yenyewe, na gama ndiyo pekee inayobaki.

Sharti la plazma kujitegemea linaweza kuandikwa kwa mstari mmoja. Ikiwa kila ioni hutoa elektroni 0.1, basi kila elektroni ya upili lazima izae ioni 10 zitakazorudi kugonga elektrodi, la sivyo idadi hupungua mzunguko kwa mzunguko. Ioni 10 kwa elektronivolti 26 ni elektronivolti 260. Lakini elektroni hazitoki wakati wa kilele pekee: kwa karibu nusu ya mzunguko ala ya elektrodi husika imelala, yaani imekuwa nyembamba na karibu haina volteji, na elektroni zinazotolewa wakati huo hazipati chochote. Ukipiga wastani wa nusu-wimbi, unahitaji kilele cha volti 800 hivi ili wastani ufikie 260. Volti 300 za mfano wetu, ambazo zingetosha kabisa kwenye megahezi 13.56, hapa hazitoshi, na msongamano tuliouchukulia usingeweza kudumu. Hesabu hii imechukulia pia kwamba elektroni hutumia nishati yake yote ndani ya gesi, dhana ambayo inahitaji kutazamwa peke yake.

Kwa nini plazma ya masafa ya chini huwa ngumu kuwaka katika shinikizo dogo?

Kwa sababu elektroni ya upili hupita bila kugusa kitu. Katika paskali 10, elektroni yenye elektronivolti 100 husafiri wastani wa milimita 17 kabla ya kuionisha atomu. Katika paskali 1, umbali huo ni milimita 170, na nafasi yetu kati ya elektrodi ni milimita 30 tu. Zaidi ya hapo, elektroni yenye elektronivolti 300 huvuka nafasi hiyo kwa nanosekunde 3, muda ambao volteji haijabadilika hata kidogo. Inapofika upande wa pili hukuta ala ya huko imelala, kwa sababu ala mbili hupishana: moja ikiwa nene nyingine ni nyembamba. Hakuna cha kuirudisha, nayo hupotea ndani ya elektrodi ikiwa na sehemu kubwa ya nishati yake.

Kwa hiyo ukitumia masafa ya chini peke yake, utalazimika kupandisha shinikizo hadi makumi au mamia ya paskali, kuongeza nafasi kati ya elektrodi, kupandisha volteji, au kutafuta uso unaotoa elektroni kwa wingi zaidi. Mara nyingi hufanyika mchanganyiko wa hayo. Uga wa sumaku sambamba na elektrodi nao husaidia kuzizuia elektroni zisivuke, lakini huleta matatizo yake ya usawa wa plazma.

Je, hii si sawa tu na plazma ya umeme wa mkondo mnyoofu inayogeuzwa pande?

Kwenye kilohezi chache, ndiyo, karibu sawa. Elektrodi moja huwa kathodi kwa nusu ya mzunguko kisha huwa anodi, na karibu volteji yote hukaa kwenye ala ya kathodi huku ya anodi ikibaki na volti chache tu. Atakayetazama kwa kamera ya haraka ataona mng'ao wa karibu na kathodi ukihama upande mmoja kwenda mwingine.

Tofauti hutokana na kumbukumbu ya plazma. Ioni huhitaji mikrosekunde kadhaa hadi makumi ya mikrosekunde kutoka katikati hadi kutani. Kwenye kilohezi 400, mzunguko wa mikrosekunde 2.5 ni mfupi kuliko muda huo, hivyo msongamano hubaki karibu palepale, ila idadi ya elektroni zenye nishati kubwa hupanda na kushuka mara mbili kwa mzunguko. Kwenye kilohezi 50, mzunguko wa mikrosekunde 20 hutosha kwa msongamano kuanza kuyumba pia. Ukishuka zaidi, kila nusu-mzunguko hulazimika kuijenga plazma upya kutoka kwenye mabaki ya iliyotangulia, na hapo mabaki hayo huamua volteji ya kuwakia. Kuna jambo jingine: elektrodi iliyofunikwa na kihami haiwezi kupitisha mkondo mnyoofu hata kidogo, lakini mkondo geu, hata wa polepole, huupitisha.

Nimesoma kwamba uga wa umeme hugeuka mwelekeo wakati ala inapolala. Je, hutokea hapa?

Hutokea sana kwenye masafa ya juu, hasa shinikizo likiwa kubwa au mwendo wa elektroni ukiwa mzito kwa sababu nyingine. Chanzo chake ni kwamba elektrodi lazima ipokee, katika kipande kifupi cha mzunguko, elektroni za kutosha kulipia ioni zote zilizofika mzunguko mzima. Elektroni zisipofika haraka zenyewe, uga hugeuka na kuzivuta.

Kwenye masafa ya chini na shinikizo dogo, haraka hiyo haipo. Ala hukaa imelala karibu nusu ya mzunguko. Elektroni za mfano wetu, kwa mwendo wake wa joto peke yake, zingeweza kupeleka kwenye elektrodi ampea zaidi ya 200 kwa kila mita ya mraba, ilhali zinazohitajika ni ampea chache tu. Ala hubaki ikizizuia badala ya kuzivuta.

Gesi zinazotengeneza ioni hasi hubadilisha nini?

Hubadilisha mengi. Katika oksijeni, na zaidi katika CF₄ (gesi ya kaboni na florini), elektroni hunaswa na molekuli na kuwa ioni hasi. Elektroni zinazobaki ni chache, upitishaji umeme katikati ya plazma hushuka, na uga wa katikati hulazimika kuwa mkali ili mkondo upite. Mwaka 2011 Julian Schulze na wenzake walionyesha kwamba uga huo wa katikati, pamoja na ule unaotokana na mteremko wa msongamano wa elektroni karibu na mpaka wa ala inapolala, unaweza kuwa ndio njia kuu ya kuionisha gesi. Kwa hiyo hitimisho letu la awali kwamba katikati hakuna nishati ni hitimisho la agoni na jamii yake, na halipaswi kubebwa hadi kwenye gesi za kuchongea bila kuangaliwa upya.

Halijoto ya elektroni ina maana gani ikiwa elektroni hazilingani?

Ina maana finyu. Elektroni za plazma hizi hazina mgawanyo mmoja wa Maxwell. Mwaka 1990 Godyak na Robert Piejak walipima plazma ya agoni ya megahezi 13.56 na kukuta, katika shinikizo dogo, makundi mawili: kundi kubwa la elektroni baridi zilizonaswa katikati, na kundi dogo la zenye nishati zinazofika kwenye ala. Elektroni baridi hunufaika na tabia ya pekee ya atomu za agoni, ambazo karibu haziwagongi wasafiri wa nishati iliyo chini kidogo ya nusu elektronivolti, na hivyo haziongezewi joto kwa ukinzani.

Katika hali ya gama picha hubadilika tena: elektroni za upili zenye mamia ya elektronivolti ni chache mno kuonekana katika wastani, ila ndizo zinazofanya kazi yote, na kundi kubwa la katikati hupoa. Ukisikia kwamba halijoto imeshuka huku msongamano ukipanda, usidhani kipimo kimekosewa. Kwa maoni yangu ni heri kuzungumzia upokeaji wa nguvu kuliko upashaji joto, kwa sababu sehemu kubwa ya nishati ambayo elektroni huipokea ala inapotanuka huirudisha ala inapolala, na kinachobaki ni tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa.

Mbona viwanda huchanganya masafa mawili?

Kwa sababu ya mgawanyo wa kazi uliokwisha elezwa: masafa ya juu, kwa mfano megahezi 27 au 60, huzilisha elektroni na kuamua msongamano, na masafa ya chini, kwa mfano megahezi 2 au kilohezi 400, huamua nishati ya ioni zinazoligonga bamba. Kwenye masafa ya chini ioni hufuata volteji ya papo kwa papo, hivyo nishati zake hutawanyika kutoka karibu sifuri hadi kilele.

Utengano huo si kamili. Volteji ya polepole inapoinenepesha ala, mpaka wake husukumwa hadi mahali penye ioni nyingi zaidi, na mtikisiko wa masafa ya juu hupungua kina na kasi. Uionishaji hupungua wakati huo na kuongezeka ala inapokuwa nyembamba. Pamoja na hayo, Miles Turner na Pascal Chabert walionyesha mwaka 2006 kwamba kwa jumla mchanganyiko wa masafa mawili unaweza kuongeza upokeaji wa nguvu usiotegemea migongano, kupita jumla ya kila masafa peke yake. Na elektroni za upili, zinazotokana na ioni zilizoharakishwa na masafa ya chini, huongeza msongamano ambao eti ulikuwa kazi ya mwenzake.

Mambo haya hupimwaje?

Njia inayofaa zaidi ni kupiga picha za mwanga wa plazma kwa kamera inayofunguka kwa nanosekunde chache, ikiwa imefungamanishwa na awamu ya volteji. Huchaguliwa mstari wa mwanga unaotokana na ngazi ya nishati iliyo juu, kama ule wa neoni wa nanomita 585.2, ambao huhitaji elektroni yenye karibu elektronivolti 19. Mahali na wakati mstari huo unapong'aa, elektroni zenye nishati zilikuwepo. Ngazi hiyo huishi takriban nanosekunde 15, muda unaosumbua kidogo kwenye megahezi 13.56 lakini usio na athari kwenye kilohezi 400.

Sindano ya Langmuir, yaani waya mwembamba unaotumbukizwa ndani ya plazma kupima elektroni, nayo hutumika, ila volteji ya plazma inapoyumba kwa mamia ya volti katika kila mzunguko, sindano isiyokuwa na kinga dhidi ya mtikisiko huo hutoa mgawanyo wa nishati ulionyooshwa na usioaminika. Vichujio vilivyotengenezwa kwa megahezi 13.56 havikingi kilohezi 400.

Kwa nini uigaji wa kompyuta huchukua muda mrefu hivyo, na ni mgawo gani wa elektroni za upili nitumie?

Uigaji unaofuatilia chembe moja moja kwenye gridi, pamoja na migongano ya bahati nasibu kwa njia ya Monte Carlo, hulazimika kwenda kwa hatua fupi kuliko mtikisiko wa elektroni. Kwa msongamano wetu hatua hiyo ni kama pikosekunde 35. Mzunguko mmoja wa megahezi 13.56 huhitaji hatua 2,100 hivi, na wa kilohezi 400 hatua 71,000. Miundo inayoichukulia plazma kama kimiminika ni ya haraka zaidi, lakini haiziwezi elektroni za upili, kwa kuwa nishati yake hutumika mbali na mahali zilipoipata.

Kuhusu mgawo, yaani wastani wa elektroni zinazotolewa na kila ioni inayougonga uso, hapa ndipo matokeo mengi ya uigaji hushinda au hushindwa. Kwenye megahezi 13.56 na shinikizo dogo, kuubadilisha kutoka 0.1 hadi 0.2 husogeza msongamano kwa kiasi. Kwenye masafa ya chini, mabadiliko hayohayo hugawanya kwa mbili volteji inayohitajika katika hesabu ya hapo juu, kutoka volti 800 hadi 400. A. V. Phelps na Zoran Petrović waliukusanya mwaka 1999 ushahidi wa agoni na kuonyesha kwamba mgawo unategemea nishati ya ioni na hali ya uso, na kwamba mwanga, atomu zilizochangamshwa na atomu za kasi nazo hutoa elektroni. Uso uliochafuliwa na oksijeni haufanani na metali safi, na katika mtambo wa kuchonga hakuna uso unaobaki safi. Asiye na kipimo cha uso wake mwenyewe anashauriwa aendeshe uigaji kwa angalau thamani tatu, kwa mfano 0.05, 0.1 na 0.2, na kuripoti zote, badala ya kuchagua ile moja inayoangukia juu ya data.